Mpe Pesa Anayoweza Kuitumia

Leo nazungumzia pesa ndogo: ile inayoachwa mezani baada ya chakula, inayowekwa juu ya mto hotelini asubuhi ya kuondoka, inayotiwa kiganjani mwa dereva au mpagazi safari inapokwisha. Nazungumzia bakshishi. Neno langu ni moja, na nalitoa mapema ili tulipime pamoja: bakshishi haijawa bakshishi mpaka aliyepewa aweze kwenda nayo dukani. Kama pesa uliyotoa haibadilishiki, au imekwisha muda wake, wewe umeondoka na raha ya kutoa, na mwenzako umemwachia kazi nyingine.

Tuanzie Unguja. Mhudumu mmoja wa mgahawa kule Nungwi alinionyesha akiba yake. Ilikuwa chupa ya plastiki, zamani ya mayonezi, imejaa sarafu hadi shingoni. Alizimwaga juu ya kitambaa cha meza akaanza kuzitenga. Huku yuro moja moja, zenye ukingo wa rangi ya dhahabu na katikati rangi ya fedha. Huku yuro mbili mbili, ambazo rangi zake zimegeuzwa: ukingo wa fedha, katikati dhahabu. Pembeni peni hamsini za Uingereza, zile zenye pande saba. Kisha zloti za Poland zenye tai aliyevaa taji, na koruna za Czech zenye simba, kwa maana siku hizi wageni wa nchi hizo wanakuja Zanzibar kwa wingi. Kila sarafu pale ni pesa halali huko ilikotoka. Hapa hazinunui hata andazi.

Nilimuuliza anazifanyaje. Kwa maelezo yake, siku ambayo wageni wanafunga mizigo huwatafuta wale wanaorudi Italia au Ujerumani, akawaomba wapokee yuro kumi za sarafu wampe noti moja ya kumi. Wapo wanaokubali kwa moyo mkunjufu. Wapo wanaorudi nyuma hatua moja wakidhani wanatapeliwa. Naye hufanya hivyo kwa kuvizia, maana wakubwa wake hawapendi mfanyakazi amfuate mgeni na habari za pesa. Zloti na koruna hizo amekwisha kata tamaa nazo. Anangoja atokee Mpolandi au Mcheki mwenye huruma. Fikiria, msikilizaji: mtu huyu alishaifanyia kazi pesa hiyo alipobeba sahani na kusimama mchana kutwa. Sasa anaifanyia kazi mara ya pili, tena kwa kuomba.

Wengi huwalaumu makarani wa maduka ya kubadilisha fedha. Lakini karani hana hiana. Sarafu ya yuro moja ina uzito wa gramu 7.5. Yuro 1,000 za noti zinaingia kwenye mfuko wa shati. Yuro 1,000 za sarafu hizo ni kilo saba na nusu. Lazima zihesabiwe, zifungwe, zikatiwe bima, zisafirishwe kwa ndege hadi Ulaya, na mwisho wa yote gharama imekula faida. Ndiyo maana popote duniani ni nadra sana kukuta duka linalopokea sarafu za kigeni. Mhudumu wa Malindi, wa Diani na wa Paje wote wana tatizo hilo hilo.

Na mgeni naye, kwa nini anatoa sarafu? Mara nyingi hana dharau. Noti ndogo kabisa ya yuro ni ya 5. Ya pauni vilevile ni ya 5. Kwa Uswisi noti ndogo ni ya faranga 10. Mtu akitaka kuacha kitu cha kama shilingi elfu tatu au nne za Tanzania, mkono wake unakwenda kwenye sarafu, kwa sababu ndivyo anavyofanya kwao akinywa kahawa. Hajui kwamba sarafu ile, ikishavuka bahari, inakuwa kipande cha chuma. Kwa hiyo dawa ya jambo hili ni elimu, na elimu hiyo tunaweza kuitoa sisi wenyeji, kwa upole, kabla mgeni hajatia mkono mfukoni.

Mmarekani yeye hujiona yuko salama, kwa kuwa anayo noti ya dola moja. Hapa nako kuna maelezo. Serikali ya Marekani inasema noti zake zote zilizotolewa tangu mwaka 1861 bado ni halali kwa thamani iliyoandikwa. Hiyo ni kwao. Njoo sasa kwenye duka la fedha Arusha au Dar es Salaam. Karani anaigeuza noti, anatafuta mwaka mdogo mdogo ulioandikwa karibu na picha, na ikiwa ni ya toleo la zamani anairudisha. Ikiwa na mchaniko, doa la wino au muhuri wa mtu, anairudisha. Na hata akiipokea, ubao wa viwango ukutani una mistari miwili: dola za noti kubwa, yaani 50 na 100, zina bei yake, noti ndogo zina bei ya chini zaidi. Noti ya dola moja, ambayo sura yake haijabadilika tangu mwaka 1963, ndiyo inayopata bei mbaya kuliko zote, kama haikukataliwa kabisa. Sababu ni ile ile ya sarafu: kuhesabu na kusafirisha noti mia za dola moja ni kazi mara mia ya noti moja ya dola mia.

Ndugu zetu wa Kongo wanalijua hili kuliko sisi. Lubumbashi, Goma, Bukavu, dola inatembea sokoni sambamba na faranga. Faranga iliyochakaa, iliyofifia kwa jasho la mikono, inapita bila neno. Lakini dola, mfanyabiashara huishika mbele ya mwanga na kuipitia pembe kwa pembe. Mpasuko wa nusu ukucha unatosha kuifanya isipokelewe, na noti ya dola moja mara nyingi hukataliwa hata ikiwa mpya. Mgeni akiacha dola moja iliyokunjwa mara nne, ameacha matatizo.

Kisha kuna noti ya dola 2. Ipo, ni halali, ina picha ya Thomas Jefferson mbele na picha ya kutangazwa kwa uhuru wa Marekani nyuma, na ilirudishwa kwenye mzunguko mwaka 1976. Kwa kuwa haionekani sana hata huko kwao, Wamarekani wengine huiona ni noti ya bahati na hupenda kuitoa kama zawadi au bakshishi. Nia ni njema mno. Ila mfanya usafi wa vyumba anayeipokea kijijini kwetu hajawahi kuiona, na duka la fedha nalo halijaizoea. Atakayeipeleka ataangaliwa kama mwenye noti bandia. Zawadi imemtia mtu aibu mbele ya foleni.

Sasa twende Moshi. Mlima Kilimanjaro ni mahali ambapo bakshishi si nyongeza. Ni sehemu kubwa ya pato la mpagazi. Watu hawa hupanda na mizigo ambayo kikomo chake ni kilo 20, wanafunga mahema na kuyafungua, wanachota maji, wanatangulia mbele ili mpandaji akifika akute chai. Safari ikiisha, kwenye lango la Mweka au la Marangu, kundi la wageni hukusanyika, nyimbo zinaimbwa, na pesa inatolewa. Sasa sikiliza shida inapoingia. Wageni wamechanga, mkononi wana noti tatu nne za dola mia. Mbele yao wamesimama wapagazi kumi na kitu, mpishi, wasaidizi na kiongozi. Nani ana chenji ya dola mia pale langoni? Hakuna. Noti zinakabidhiwa kwa mtu mmoja akazivunje mjini, na kuanzia hapo mpagazi wa mwisho kwenye mstari hana njia ya kujua fungu lake lilikuwa kiasi gani. Silaumu viongozi wote. Wengi ni waaminifu kabisa. Lakini uaminifu hautakiwi kupewa mtihani usio wa lazima. Shirika la kutetea wapagazi lililoanzishwa Moshi mwaka 2003, Kilimanjaro Porters Assistance Project, limekuwa likishauri kila mmoja apewe fungu lake mkononi mwake. Hilo haliwezekani kwa noti kubwa. Linawezekana kwa shilingi, zilizobadilishwa kabla ya kupanda na kutiwa kwenye bahasha, moja kwa kila mtu.

Tena sheria nayo imesogea upande huo. Kanuni zilizoanza kutumika Tanzania tarehe 28 Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni hapa nchini. Bakshishi si bei, najua. Lakini mfanyakazi anayepokea dola leo hana tena pa kuzitumia isipokuwa duka la fedha, na duka liko mjini, na nauli ya kwenda mjini inatoka kwenye bakshishi hiyo hiyo.

Msikilizaji, tusiwanyooshee vidole wageni wa mbali peke yao. Sisi kwa sisi pia tunakosea. Kenya, Tanzania na Uganda wote tunasema shilingi, na wote tuna noti ya 1,000. Lakini thamani hazilingani hata kidogo. Kwa miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa sawa na kati ya 15 na 23 za Tanzania. Kwa hiyo aliyevuka Namanga au Holili na kupewa 1,000 ya Kenya ameshika zaidi ya elfu kumi na tano za Tanzania; akiirudisha kwa kudhani ni elfu moja ya kwao, amepoteza mchana kweupe. Na Mkenya anayeacha soo moja, yaani shilingi mia ya kwao, mezani Arusha ameacha kitu cha maana, kwa sababu Arusha wanaobadilisha shilingi za Kenya ni wengi. Akiiacha Lindi au Songea, kaacha karatasi nzuri yenye picha ya jumba la KICC.

Hapo ndipo tunafika kwenye kuzitambua noti. Mgeni anaposhika noti zetu husoma sifuri. Anahesabu: moja, sifuri, sifuri, sifuri. Usiku, kwenye taa hafifu ya mgahawa wa ufukweni, sifuri tatu na sifuri nne zinafanana. Mwenyeji hasomi sifuri. Anajua kwa rangi na picha: elfu moja ya Tanzania ni ya samawati, ina Mwalimu Nyerere. Elfu mbili ina simba, na nyuma yake Ngome Kongwe ya Zanzibar. Elfu tano ina kifaru. Elfu kumi ni nyekundu, ina tembo, na wekundu wake ndio uliofanya vijana waiite msimbazi. Mfundishe mgeni wanyama hao watatu na Mwalimu, na hatachanganya tena. Ni somo la dakika moja, na dereva anayempokea uwanja wa ndege anaweza kulitoa kabla gari halijatoka maegeshoni.

Na mkono nao una kazi yake. Noti zetu zinaongezeka urefu kadiri thamani inavyopanda. Za yuro ni hivyo hivyo. Noti za Kenya zilizotoka mwaka 2019 zina michirizi iliyoinuka pembeni. Hayo yote yamewekwa kwanza kwa ajili ya wenzetu wasioona, ambao hupima noti kwa vidole. Lakini hebu tazama dola: ya 1 na ya 100 zina ukubwa mmoja, hazipishani hata milimita. Chama cha wasioona cha Marekani, American Council of the Blind, kiliishitaki wizara ya fedha kwa sababu hiyo, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba noti za namna hiyo zinawanyima haki wasioona. Nalitaja hili kwa sababu mfanya usafi asiyeona vizuri, au mzee mlinzi wa usiku, akipewa dola gizani hana namna ya kujua amepewa nini mpaka asubuhi. Akipewa shilingi, vidole vinamwambia.

Nasi tunasafiri, msikilizaji. Tunakwenda Umra na Hija, tunakwenda Dubai kununua bidhaa, tuna ndugu Maskati, tuna vijana wanaosoma Al-Azhar mjini Cairo. Kule kuna wasukuma viti vya wagonjwa, wabeba mizigo, madereva, nao wanastahili kupewa vizuri kama tunavyotaka wetu wapewe. Jifunze tarakimu za Kiarabu kabla ya kupanda ndege. Tano yao ni duara, na jicho letu linaisoma sifuri. Sifuri yao ni nukta. Sita yao inafanana na saba yetu. Noti za Saudia na za Misri zina tarakimu tunazozijua upande wa pili, kwa hiyo geuza kabla ya kutoa. Misri kuna jambo la kuangalia zaidi: ipo noti ya pauni 50 na ipo noti ya piasta 50. Piasta 100 ndiyo pauni moja. Namba ni ile ile, hamsini, tofauti ni mara mia. Ukirudishiwa chenji, soma maneno, usisome namba peke yake. Na ukitoa bakshishi, hakikisha hukumpa mzee aliyekubebea sanduku piasta hamsini ukidhani umemkirimu.

Oman kinyume chake: riali ni nzito. Imefungwa kwenye dola, na riali moja ni kama dola 2.60. Riali moja ina baisa 1,000, na ziko noti za baisa 100. Asiyejua huona 100 akadhani ametoa nyingi, huona 1 akadhani ametoa kidogo, kumbe ile moja ni mara kumi ya ile mia.

Liko pia suala la noti zilizokufa. Watu huhifadhi noti za safari iliyopita kwenye droo wakisema watazitumia wakirudi. Noti ya zamani ya shilingi 1,000 ya Kenya iliacha kuwa pesa baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 za Uingereza ziliondolewa baada ya tarehe 30 Septemba 2022, ingawa Benki Kuu ya Uingereza bado huzibadilisha. Hapa Tanzania, noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, zilipewa muda wa kubadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, basi. Ndugu yetu aishiye Toronto au London anayekuja likizo na bunda la zamani, akaligawa kwa wapokea mizigo uwanjani kwa furaha ya kurudi nyumbani, amegawa kumbukumbu.

Tufanye nini, basi? Kwa msafiri: badilisha pesa siku ya kwanza, na uombe noti ndogo kwa makusudi. Ziweke mfuko wake, mbali na zile kubwa, ili usipekue mbele ya watu. Unapotoa, taja kiasi kwa sauti: elfu tano hii, asante sana. Ukitaja, masikio manne yamesikia, na makosa hurekebishwa pale pale. Kama umebakiwa na sarafu za kwenu, rudi nazo kwenu; au uzitie kwenye bahasha za ndege zinazoshiriki mpango wa UNICEF uitwao Change for Good, ambao umekuwa ukikusanya sarafu za abiria tangu mwaka 1987, kwa sababu hii hii kwamba hakuna anayezibadilisha.

Kwa wenye hoteli na kampuni za utalii, naomba kwa dhati. Andikeni kikaratasi kimoja chumbani, kwa lugha za wageni wenu, kinachosema kwamba bakshishi za shilingi ndizo zinazomfaa mfanyakazi. Wekeni noti ndogo mapokezi ili mgeni apate kuvunja. Na sarafu ambazo zimekwisha ingia, zikusanyeni rasmi na kuwaomba wageni wanaoondoka wazibadilishe mbele ya meneja. Kazi ile ambayo kijana wa Nungwi anaifanya kwa kuvizia, ifanywe na hoteli kwa heshima. Haigharimu kitu, na mshahara wenu mdogo utaonekana mkubwa zaidi.

Kwa wapokeaji, msione haya kusema. Mgeni akitoa sarafu, mwambieni kwa adabu kwamba hapa hazibadilishiki, na kama anayo shilingi mtashukuru. Wengi wao watashtuka, kisha watatoa noti, na kesho yake watawaambia wenzao mezani. Kunyamaza kwetu ndiko kunakozijaza chupa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, nami naamini hivyo. Ila moyo uliotoa uulize pia: huyu ninayempa, kesho akifika dukani, ataweza kununua unga? Jibu likiwa ndiyo, hiyo ndiyo bakshishi. Likiwa hapana, bado hujatoa.